Viwavi kwenye mijohoro: kitongoji kikae kwanza, shoka na bomba baadaye

Simu ya kwanza iliingia studio kama siku kumi baada ya mvua za kwanza. Mama mmoja anayeuza vitumbua alisema mjohoro ulio mbele ya nyumba yake, ambao wateja wake hukaa kivulini kila asubuhi, umebaki vijiti. "Mwanangu mtangazaji, juzi tu ulikuwa na majani. Leo ukipita chini yake unasikia vinyesi vyao vinadondoka kama mchanga. Na sasa wameanza kupanda ukuta."

Kufikia jioni tulikuwa tumepokea simu na meseji kutoka vijiji vinne. Wengi walizungumzia mijohoro, mmoja michungwa, mwingine mwembe. Maswali yalikuwa mawili tu. Je, hawa ndio wale wa mahindi? Na je, tukate miti kabla hawajashuka shambani?

Swali la pili ndilo lililotutoa studio. Katika kitongoji kimoja mwenyekiti alikuwa ameshaitisha kikao, na watu wengi walitaka mijohoro yote inayozunguka shule na zahanati ikatwe, miti kama thelathini hivi. Wengine walitaka kila kaya ichange shilingi elfu mbili, inunuliwe ile dawa kali ya pamba, na kijana mwenye bomba azunguke nyumba hadi nyumba. Tulifika siku ya mkutano wenyewe. Tuliyoyasikia tuliyarusha kwenye kipindi, lakini dakika ishirini hazikutosha, na ndiyo maana tunayaandika hapa kwa kirefu. Kama viwavi hawajafika kwenu mwaka huu, huenda mkawaona mvua zijazo.

Si kila kiwavi ni wa mahindi

Hofu ya watu ina sababu. Kiwavijeshi vamizi alithibitishwa kuwepo Afrika mwaka 2016 na mwaka uliofuata akawa ameshaingia Tanzania. Waliolima mahindi miaka ile wanakumbuka mashamba yaliyotobolewa mpaka kwenye kiini cha mmea. Tangu hapo, mtu akiona kiwavi popote, mawazo yanakwenda kwenye gunia la mahindi.

Lakini viwavi ni watoto wa vipepeo na nondo, na wengi wao ni wachaguzi wa chakula kuliko hata mtoto aliyedekezwa. Kipepeo jike hutaga kwenye mmea ambao watoto wake wanaweza kuula. Wapo vipepeo weupe na wa manjano, wanaoruka makundi kwa makundi mvua zinapoanza, ambao watoto wao hula majani ya miti ya jamii ya mjohoro. Viwavi hao ni wa kijani, hawana manyoya, hawawashi. Mmoja wao kwa jina la kitaalamu anaitwa Catopsilia florella. Ukimweka kwenye jani la mhindi hawezi kuishi humo. Kwa hiyo kukata mjohoro ili kuokoa mahindi ni sawa na kumfunga mbuzi wa jirani kwa kosa la fisi.

Hilo tulilisema mkutanoni, na mzee mmoja akatujibu vizuri: "Sawa, ninyi mnasema. Mimi nitajuaje kwamba huyu ni wa mti na yule ni wa shamba?" Jibu tulilompa ndilo tunalowapa ninyi. Mwangalie anapokula, usimwangalie anapotembea. Kiwavi aliyeshiba hutoka kwenye mti kutafuta pahali pa kujigeuza, na hapo utamkuta ukutani, kwenye kamba ya nguo, hata kwenye shina la mhindi ulio karibu. Hajaenda kula. Kama jani la mhindi halina matundu na hakuna vinyesi vibichi ndani ya kiini chake, huyo ni mpita njia. Kiwavijeshi vamizi ana alama mbili za kumtambua: mistari kwenye paji la uso inayofanana na herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yaliyokaa kama mraba karibu na mkia. Piga picha kwa simu, umpelekee afisa ugani. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano.

Wa michungwa ni mwingine kabisa. Akiwa mdogo anafanana na kinyesi cha ndege, kahawia na weupe kidogo, na kwa sababu hiyo watu wengi humwacha. Akikua anakuwa wa kijani, mnene, na ukimgusa anatoa pembe mbili nyekundu laini nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Watoto wanazijua sana hizo pembe. Huyo ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, na kwenye mchungwa mkubwa hana madhara ya kukunyima usingizi. Kwenye kitalu cha miche ni habari nyingine, maana viwavi wawili au watatu wanaweza kumaliza mche mzima. Dawa yake ni vidole: pita asubuhi, geuza majani, watoe.

Ukiona mti mweupe, wameshamaliza kula

Hapa ndipo tunapoona watu wanapoteza pesa. Kiwavi mdogo hula kidogo sana, huna namna ya kumwona ukiwa chini. Sehemu kubwa ya chakula chake cha maisha yote anakula katika siku zake za mwisho, akiwa mkubwa. Ndiyo maana mti unaonekana kama umeliwa usiku mmoja. Kumbe viwavi wamekaa humo wiki mbili au zaidi.

Fuata hesabu hii. Siku unayoshtuka, wengi wao wamebakiza siku chache kabla ya kuacha kula na kujigeuza pupa, ile hali ya kutulia ndani ya ganda mpaka watoke vipepeo. Halafu kikao kinaitwa, michango inakusanywa, mtu anatumwa mjini kununua dawa, bomba linaazimwa. Wiki imepita. Kijana anapuliza mti ambao walaji wake wameshaondoka. Siku kadhaa baadaye majani yanachipua, na watu wanasema dawa imefanya kazi.

Mti wenyewe je? Mjohoro mkubwa wenye afya hauuawi na viwavi wa msimu mmoja. Una akiba kwenye mizizi na shina, na mvua ikiwepo unatoa majani mapya. Mti huu unakatwa kwa panga, unakatwa kwa kuni, unachipua tena, nani asiyejua? Hali ni hiyo hiyo kwa mwembe. Miti ya kuogopea ni ya namna nyingine: miche ya chini ya miaka miwili, mti uliokuwa tayari umechoka kwa ukame au umebanduliwa maganda, mti ulioliwa mara mbili au tatu mfululizo ndani ya msimu mmoja, na miti ya mipaina na misonobari ambayo ikipoteza majani yote hairudi kirahisi.

Kwa hiyo tulimuuliza mwenyekiti swali ambalo halikuwa limeulizwa: katika hiyo miti thelathini, ni mingapi imewahi kufa kwa viwavi? Alifikiri, akawageukia wazee, nao wakafikiri. Hakuna aliyeutaja hata mmoja. Mama mmoja wa pale nyuma akasema waliokufa ni wawili, na wote walichomewa takataka chini ya shina.

Bomba linafika wapi, na dawa inaangukia wapi

Tuanze na kosa letu wenyewe. Msimu uliopita tulisoma hewani meseji ya msikilizaji aliyesema amemaliza viwavi kwenye mti wake kwa kuchanganya dawa ya pamba na sabuni ya unga. Tuliisoma, tukasema asante kwa ushauri, tukaweka muziki. Siku tatu baadaye mfugaji wa nyuki akapiga simu nje ya kipindi. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba jirani yake alitusikia, akapuliza mti uliokuwa na maua saa nne asubuhi, na chini ya mizinga yake mitano sasa kuna nyuki waliokufa anaozoa kwa koleo. Hatukuwa na la kumjibu. Tulirekebisha hewani wiki iliyofuata, lakini marekebisho hayasikiki kama habari ya kwanza.

Dawa nyingi zinazopulizwa kwenye pamba zimetengenezwa kuua wadudu wa kila aina kwa kugusa tu. Hazimbagui kiwavi na nyuki. Zimesajiliwa kwa zao fulani, kwa kipimo fulani, katika shamba ambalo halina jiko wala kitanda cha mtoto ndani yake. Uani ni mahali pengine. Bomba la mgongoni linasukuma dawa mita chache kwenda juu. Mjohoro wa kivuli unaweza kuwa na mita kumi au zaidi. Kwa hiyo kijana anasimama chini, anaelekeza mpira juu, na kile kisichofika kwenye jani kinarudi usoni kwake na mabegani.

Kinachopeperuka kinatua kwenye paa. Hili wengi hawalifikirii. Nyumba nyingi zetu sasa zina mabati, mfereji wa mvua na simtanki au pipa. Mti umeinamia paa, dawa inapulizwa jioni, usiku mvua inanyesha, asubuhi familia inachota maji ya kunywa. Kuku nao hushinda chini ya mti wakiokota viwavi vinavyodondoka, na mayai yao mnayala ninyi.

Hatusemi dawa isitumike kabisa. Tunasema ipite kwenye maswali. Je, imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020 na chenye makao makuu Arusha? Lebo ina rangi gani chini? Nyekundu ni hatari kabisa, kisha manjano, bluu na kijani. Yenye rangi nyekundu haina kazi karibu na nyumba. Je, iko kwenye chombo chake cha asili au imemiminwa kwenye chupa ya soda? Ikiwa ni ya chupa ya soda, irudishe ulikoitoa hata kama ni ya bure. Watoto wamekufa kwa chupa hizo.

Ipo aina nyingine inayofaa zaidi kwa viwavi, inayotokana na bakteria waitwao Bacillus thuringiensis, kwa kifupi Bt. Wamejulikana zaidi ya miaka mia moja. Kiwavi lazima ale jani lililopuliziwa, anaacha kula ndani ya saa chache, anakufa baada ya siku kadhaa. Haimdhuru binadamu, kuku wala nyuki kwa matumizi ya kawaida. Ina udhaifu wake: jua linaiharibu ndani ya siku chache, na inafanya kazi kwa viwavi wadogo tu, kwa hiyo ukichelewa umechelewa. Tena haichagui kiwavi mbaya na kiwavi mwema. Uliza duka la pembejeo kama wana iliyosajiliwa. Maduka mengi ya vijijini hayana, na hilo ni jambo ambalo halmashauri zinaweza kulisukuma kuliko sisi watangazaji.

Kwa miche na miti mifupi mwarobaini unatosha. Mbegu zilizokaushwa na kumenywa zinatwangwa, gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji, zinalala usiku kucha, asubuhi zinachujwa kwa kitambaa na kutiwa sabuni kidogo ili ishike kwenye jani. Pulizia jioni. Usitegemee viwavi waanguke mbele ya macho yako. Mwarobaini unawakatisha hamu na kuwazuia wasikue. Rudia baada ya wiki moja, au mapema zaidi mvua ikiuosha.

Mji uliopigana na viwavi kwa miaka zaidi ya mia

Mkutanoni kijana mmoja alisema maneno ambayo tumekuwa tukiyasikia sana: "Wazungu wangekuwa na shida hii wangeimaliza kwa siku moja kwa ndege." Tuliporudi studio tukatafuta kama ni kweli, kwa sababu makazi ya watu yaliyovamiwa na viwavi wa miti yameshaandikwa habari zake kwa kina huko Marekani. Si kweli.

Mji unaitwa Medford, karibu na Boston, jimbo la Massachusetts. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Mfaransa mmoja, Étienne Léopold Trouvelot, aliyekuwa akiishi hapo, alileta mayai ya nondo kutoka Ulaya. Alikuwa anafanya majaribio ya wadudu wanaotoa hariri. Baadhi ya viwavi wakatoroka kwenye miti ya nyuma ya nyumba. Kwa miaka karibu ishirini hakuna aliyejali. Kisha kiangazi cha mwaka 1889 wakalipuka. Walivua majani miti ya mitaa yote, wakafunika kuta na uzio, wakaingia vitandani. Waliokuwepo walisema usiku walisikia wadudu wakitafuna, na vinyesi vikidondoka kama mvua ya rasharasha. Mama wa vitumbua angewaelewa watu wale moja kwa moja.

Mwaka 1890 serikali ya jimbo ikatoa fedha na kuajiri watu. Walianza kwa kupuliza unga wa kijani wenye shaba na aseniki, sumu ile ile iuayo panya na watu. Wakazi wakapinga, wengine wakawafukuza wapulizaji kwenye viwanja vyao. Baadaye ikabuniwa dawa ya risasi na aseniki, kwa ajili ya vita hiyo hiyo, na ikatumika kwenye bustani za matunda Marekani kwa miongo mingi. Risasi haiozi. Imebaki kwenye udongo wa mashamba mengine mpaka leo.

Kilichokaribia kuwashinda nondo wale hakikuwa sumu. Jike wa aina ile hawezi kuruka, anataga mayai mamia kwa pamoja kwenye shina, chini ya uzio, kwenye mawe, na kuyafunika kwa manyoya. Wafanyakazi walipita nyumba kwa nyumba wakati wa baridi, wakakwangua mayai au kuyapaka mafuta mazito ya kuyaua. Kiangazi walifunga vipande vya gunia kwenye mashina, kwa sababu viwavi wale hujificha mchana, na kila siku waliinua gunia na kuwaua waliojificha. Kazi ya kuchosha. Ilipofika mwaka 1899 nondo walikuwa wamebaki wachache kiasi kwamba wabunge wa jimbo wakaona ni ubadhirifu kuendelea kulipa, na mwaka 1900 wakafunga mkoba. Kufikia mwaka 1905 viwavi walikuwa wamerudi, tena katika eneo kubwa zaidi. Hawajaondoka hadi leo. Mwaka 1981 walivua majani miti katika eneo la karibu hekta milioni tano kaskazini mashariki mwa nchi ile.

Kuna jambo moja zaidi katika habari hiyo ambalo lilitukaa rohoni. Mwaka 1906 wataalamu walileta nzi kutoka Ulaya ambaye mabuu yake hula viwavi kutoka ndani. Walidhani wamepata askari. Nzi yule alikuwa anashambulia spishi zaidi ya 180 za wadudu, na watafiti wamemhusisha na kupungua kwa nondo wakubwa wazuri wa misitu ya huko ambao hawakuwa na kosa lolote.

Viwavi wetu wa mjohoro si wavamizi kutoka nje, na vipepeo wao wanaruka vizuri sana, kwa hiyo gunia kwenye shina halitawasaidia ninyi kama lilivyowasaidia wale. Tusinakili. Lakini ona kilichofanya kazi kule: watu kupita kila kiwanja, kwa wakati, bila kuruka nyumba ya mtu anayesema "kwangu hawapo". Na ona kilichoharibu: kuacha mara tu mambo yanapotulia.

Kinachowezekana kwenye kitongoji

Mtu mmoja akipuliza uani kwake na jirani asipuliza, kipepeo anavuka uzio. Hilo linajulikana, na ndiyo hoja ya wale waliotaka michango. Lakini hoja hiyo hiyo inafaa zaidi kwa kazi isiyo na sumu. Tuliokuwepo tuliona mjadala ukigeuka pale afisa ugani, ambaye mwanzoni alikaa kimya, aliposimama na kutaka watu watano kutoka kila upande wa kitongoji watembee naye chini ya miti. Walirudi baada ya saa moja na mikono imejaa. Viwavi waliowakuta walikuwa wakubwa na wachache, pupa walikuwa wengi, na baadhi ya viwavi walikuwa na vitu vyeupe mgongoni kama punje za mchele.

Hizo punje watu hudhani ni mayai ya kiwavi. Sivyo. Ni vifuko vya nyigu wadogo sana ambao mabuu yao yamekuwa yakimla kiwavi kutoka ndani, na kiwavi huyo anakufa. Ukimwona wa namna hiyo mwache pale pale, maana kila punje itatoa nyigu atakayetafuta viwavi wengine. Ukipuliza mti wakati huo unaua askari wako mwenyewe, na msimu ujao viwavi wanarudi bila wa kuwazuia. Ndege wanafanya kazi yao pia, na wapo siafu na sisimizi. Kule pwani wakulima wa minazi na mikorosho wanawaheshimu maji moto kwa sababu wanalinda miti dhidi ya wadudu wengi, ingawa kupanda mti wenye maji moto kunahitaji moyo.

Mkutano uliamua hivi. Mijohoro haikatwi. Miche ya shule, ambayo haijafika kimo cha mtu, itakaguliwa na wanafunzi wa darasa la sita mara mbili kwa wiki tangu mvua za kwanza, viwavi watolewe kwa mkono, na mwarobaini upulizwe pale ambapo mkono hautoshi. Miche itamwagiliwa mvua zikikatika. Michango ya elfu mbili haitakusanywa. Balozi wa kila nyumba kumi atasema kwa mwenyekiti mara aonapo majani machanga yenye matundu madogo, badala ya kusubiri mti uwe mweupe. Na hakuna kupuliza kiuatilifu cha shamba kwenye mti wowote ulio uani bila afisa ugani kujua.

Hilo la mwisho lilizua ubishi, na kwa maoni yetu ndilo lililo dhaifu zaidi. Azimio la kitongoji halina meno. Kijiji chenyewe kina uwezo wa kutunga sheria ndogo kupitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, kisha ikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Vijiji vingi vinavyo sheria ndogo za mbuzi wanaozurura na za kuchoma moto, lakini ni vichache tulivyovifikia vinavyotaja dawa za kupuliza karibu na nyumba na mizinga. Mwenyekiti alituahidi atalipeleka kwa mtendaji. Tutamkumbusha.

Wale wanaowasha

Tulichoeleza mpaka hapa kinawahusu viwavi wasio na manyoya. Kama mti una viwavi wenye manyoya marefu, au waliokusanyika makundi kwenye shina kama zulia, mambo yanabadilika, maana hapo anayeumia ni mtu kabla ya mti. Waondoeni watoto chini ya mti huo. Msiwachome moto kwa mwenge: manyoya yanapeperuka na moshi yanaingia machoni na kifuani, ganda la mti linaungua, na nyumba za makuti au nyasi ziko karibu. Msiwafagie kwa mkono mtupu. Mtu mzima mmoja avae mikono mirefu, glavu au mifuko mizito mikononi, kitambaa puani, awakwangue kwa kijiti kirefu waangukie ndoo yenye maji na sabuni.

Aliyewashwa asijikune wala asisugue. Bandika gundi ya karatasi, ile ya kufungia maboksi, uibandue ili itoke na manyoya, kisha osha kwa maji mengi na sabuni. Nguo zifuliwe peke yake. Manyoya yakiingia jichoni, au mtu akianza kupumua kwa shida, au midomo ikivimba, ni zahanati moja kwa moja, hata kama ni usiku.

Tumeulizwa pia kuhusu kuwala. Ni kweli kwamba kwa majirani zetu wa Kongo na Zambia viwavi fulani ni kitoweo cha heshima na biashara kubwa. Ni aina zinazojulikana, zinazokusanywa kwenye miti inayojulikana, na watu waliofundishwa na mama zao. Kiwavi wa mjohoro usiyejua kama jirani ameupuliza hayumo kwenye orodha hiyo.

Tulipita tena kwenye kitongoji kile baada ya wiki tatu. Mijohoro ilikuwa imetoa majani madogo ya kijani kibichi, na mama wa vitumbua alikuwa amehamishia benchi lake upande wa pili wa nyumba mpaka kivuli kirudi. Alitulalamikia kwamba huko jua la asubuhi linawafukuza wateja.

Mkitupigia kuhusu viwavi, tunaomba mambo manne kabla ya kuuliza dawa: ni mti gani, kiwavi ana manyoya au hana, mti una umri gani, na una maua au hauna. Picha ikiwepo itume kwa namba ile ile ya meseji za kipindi. Bila hayo tutasoma salamu zenu tu, ushauri hatutatoa hewani.